Shingo ya Yolanda

Kaswanga, Rusinga
6 Septemba 2025

Baba Byron,

Salamu. Huku sisi ni wazima, mama yako mzima, Byron mzima, hata ng'ombe ni mzima. Salamu zimeisha, sasa nisikilize.

Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu kwenye simu hushikiki. Nikikuuliza neno, mara mtandao ni mbaya, mara mteja ameingia, mara chaji inaisha. Barua haina mtandao. Nitampa Okari anayepeleka dagaa wa omena huko Migori, akukabidhi mkononi hapo karakana yenu ya makochi, na wewe utanijibu kwenye karatasi. Dholuo yangu bado ni ya sokoni na Kikuria chako ni cha salamu tu, kwa hivyo tumia hiki Kiswahili kilichotukutanisha, na ukinyooshe.

Neno lenyewe ni hili. Jumapili ulinipigia tukaongea habari za nguzo za boma jipya. Ulipokuwa unaniaga ukasema, "Mama Byron, moyo wangu hauna mlango wa nyuma."

Cephas, tangu unioe hujawahi kuniambia kitu cha namna hiyo. Siku ulipokuja kwetu kuniposa uliniambia mambo mawili, kwamba una kazi na kwamba hukoromi. Hilo la pili nimeshaligundua. Na haya ya mlango wa nyuma si yako, ni ya Leandro. Leandro ni yule kijana wa *Ahadi ya Yolanda*, mchezo wa mapenzi wa Mexico uliotiwa sauti za Kiswahili, ambao mimi na mama yako na Cate dada yako tunautazama kila jioni baada ya habari. Alimwambia Yolanda maneno hayo Alhamisi, kwenye ngazi za kanisa, mvua inawanyeshea wote wawili. Wewe ulinipigia Jumapili.

Na ni wewe huyo uliyekuja Pasaka, ukaitazama TV ya mama yako kwa jicho la pembeni, ukasema hiyo ni takataka ya kuwapoteza wanawake. Chumba chako cha Migori hakina TV. Nimekifagia kwa mikono yangu, nakijua: kitanda, jiko, ndoo, na ile kalenda ya mwaka uliopita. Karakanani pia hakuna. Sasa niambie, ulikuwa umekaa kwenye kochi la nani ulipomsikia Leandro?

Siulizi kwa mzaha. Desemba tunatoka hapa kwa baba yako kwenda kupiga boma letu, goyo dala kama mnavyosema ninyi. Mimi Mkuria nimefundishwa na mama yako kila kitu: wewe utatangulia na jogoo, Byron atashika shoka, mimi nitabeba moto kutoka jiko hili la zamani. Na mama amesema mwanamke asibebe moto huo akiwa na swali moyoni, maana swali nalo litahamia kwenye nyumba mpya na kukaa humo. Mimi nina swali. Lijibu.

Mke wako,
Mama Byron


Migori
14 Septemba 2025

Mama Byron, Nyar Kuria, binti wa Wakuria,

Barua nimeipata, inanuka omena. Okari alinipa mbele ya mafundi wote wakaniuliza kama nimeshtakiwa.

Nakujibu kwa utulivu. TV sina. Sijakaa kwenye kochi la mtu, isipokuwa haya ninayounda mwenyewe, na hayo hukaliwa na wenyewe. Maneno yale yalitoka kichwani mwangu. Mtu akiishi peke yake muda mrefu huanza kuota maneno. Kama yanafanana na ya huyo Leandro, basi Leandro ameniibia.

Na hata kama ningekuwa natazama, nisingemwiga mtu kama yule. Leandro ni mnafiki aliyehitimu. Asubuhi yuko altarini anawatisha watu kwa dhambi zao, anamwungamisha Yolanda, anamwita "binti yangu." Jioni ni yeye yule, sauti ile ile, anamnong'oneza bustanini, "mpenzi wangu." Hata haya hana. Na Yolanda hashtuki! Ninyi mnakaa hapo mnamlilia mtu wa kufungwa jela. Haya nimeyasikia kwa wateja, usianze. Wanawake wakija kuchagua vitambaa huongea.

Sasa na mimi nina langu. Cate aliniambia yule jirani Zadock siku hizi huketi hapo kwa mama kila jioni mchezo ukianza. Zadock ana nyumba. Na mke anaye, kama hajamkimbia. Huja kutazama nini hapo?

Kuhusu moto, usiseme mambo kama hayo hata kwa karatasi. Nguzo zimepatikana. Jogoo nimeahidiwa na mzee mmoja wa Awendo, mwekundu, mwenye sauti. Huwezi kuacha moto jikoni kwa ajili ya maneno machache ya kuagana.

Wako,
Cephas


Kaswanga, Rusinga
20 Septemba 2025

Bitutu rafiki yangu,

Unaendeleaje na ndizi zako? Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yako hapo sokoni hushikwa na kila mtu, na hili jambo sitaki lifike kwa muuza nyanya kabla halijafika kwako.

Tulishona wote kwa cherehani moja pale Migori, unanijua. Mimi si mwanamke wa kununa bure. Lakini mume wangu ananificha kitu. Ananiletea maneno ya mchezo wa TV ilhali hana TV. Nikimuuliza anasema ameyasikia kwa wateja, halafu anausimulia kama mtu aliyekuwepo. Hilo ningelimeza. Kinachonikaba ni hiki: anasema Leandro, kijana anayempenda Yolanda, ndiye huyo huyo padri anayemwungamisha. Bitutu, hao ni watu wawili. Leandro ni kijana mwembamba mwenye nywele za kufunga nyuma. Padri Anselmo ana kipara na tumbo, na hutembea kwa fimbo. Hata mama mkwe wangu, ambaye Kiswahili chote anachokijua ni "karibu" na "bei gani," hajawahi kuwachanganya. Mtu anayetazama kwa macho yake hawezi kukosea hapo, labda kama TV iko mbele yake na macho yako kwingine. Sasa macho ya Cephas yako wapi?

Anaishi palepale mtaa wa Apida, kwenye zile nyumba za mstari mmoja, mlango wa kijani. Nakuomba upite hapo jioni moja, habari zikiisha. Usibishe hodi. Sikiliza tu uniandikie ulichosikia, usipunguze na usiongeze. Nakujua kwa kuongeza.

Kwa huzuni kidogo,
Mellen


Migori
30 Septemba 2025

Mellen dada yangu,

Bwana asifiwe. Nimepiga magoti kabla ya kuandika barua hii, na wewe piga kabla ya kuisoma.

Nilikwenda jioni ya leo. Nilibeba kichana cha ndizi ili mtu akiniuliza niseme nauza. Unajua kanisa letu haliruhusu TV, kwa hivyo mambo ya Leandro na padri siyajui na sitaki kuyajua. Nitakuambia tu kilichoingia sikioni.

Mlango wa kijani ulikuwa umefungwa na taa imezimwa. Taa imezimwa, Mellen, na ndani watu wanaongea. Nikasimama kando ya ukuta. Mwanamke alikuwa analia, si kilio cha msiba, ni kile cha mtu anayedai. Akasema, "Uliniahidi bahari, ukaniletea ndoo." Nilihisi magoti yanalegea. Kisha mwanaume akamjibu kwa sauti nene ya upole, "Mama yangu asijue kamwe." Nikasema moyoni, mama si yule wa Rusinga?

Nilitaka kuondoka, halafu nikasikia kikohozi. Kikohozi cha Cephas nakijua, ni kile cha vumbi la sponji. Akasema polepole, karibu kabisa na ukuta, "Usimwamini huyo, mama. Usimwamini." Sasa hapo hesabu ikanishinda. Mwanamke mmoja, mwanaume mwenye sauti nene, na Cephas, wote gizani. Sikungoja kujua kama kuna wa nne.

Nje mlangoni kulikuwa na sandali za Cephas peke yake. Lakini hilo lisikutulize, kuna wanawake huingia na viatu mkononi. Kitu kingine, juu karibu na mabati kulikuwa na mwangaza wa buluu unachezacheza. Sijui ni wa nini. Nilikimbia nikaacha ndizi mlangoni kwake, na zilikuwa zimeiva vizuri.

Sijaongeza hata neno moja. Labda pale kwenye magoti.

Rafiki yako katika maombi,
Bitutu


Kaswanga, Rusinga
4 Oktoba 2025

Cephas,

Nina shahidi. Usiniulize ni nani.

Jumanne jioni chumbani mwako kulikuwa na mwanamke analia, "Uliniahidi bahari, ukaniletea ndoo." Nilipoyasoma maneno hayo nilikaa chini kwenye gunia la mahindi, kwa sababu nayajua. Ni ya Yolanda. Mimi na Cate tuliyalilia jioni hiyo hiyo hapa kwa mama. Kwa hivyo TV ipo, na ilikuwa inaongea kwenye chumba ambacho umeniandikia kwa mkono wako kwamba hakina TV, taa ikiwa imezimwa, na wewe ukimbembeleza mtu umwitaye "mama" asimwamini mtu mwingine. Unamwita "mama" nani, Cephas? Na hiyo TV aliileta nani hapo?

Zadock usimtumie kujifichia. Huja kuchaji simu kwa sola ya mama, na akikaa huwa anakoroma kabla Yolanda hajatokea.

Nakupa nafasi moja. Padri na Leandro umewafanya mtu mmoja, nami nataka kujua kama wewe hutazama mchezo au humtazama aliye kando yako. Nieleze Yolanda anafanana vipi. Anza kichwani ushuke. Mtu aliyemtazama mwanamke jioni zote hizi hawezi kushindwa.

Mellen


Migori
12 Oktoba 2025

Mama Byron,

Kwa hiyo zile ndizi zilikuwa za shahidi. Nilizikuta mlangoni nikashangaa ni nani ananipenda hivyo. Mwambie zilikuwa tamu.

Nimeshindwa, nitasema. Nilikudanganya kuhusu wateja. Hakuna mteja aliyewahi kuniambia habari za Yolanda. TV ni ya Omanga, mzee wa chumba cha pili, dereva wa lori mstaafu aliyebaki na sikio moja, na hilo moja nalo ni la kubahatisha. Hufungulia mpaka mwisho. Ukuta kati yetu ni wa mbao nyembamba na haujafika juu kwenye mabati, kwa hivyo mchezo wote huja kwangu, bila picha. Ninachokiona ni mwangaza tu unachezacheza kwenye mabati. Nazima taa, nalala, nasikiliza.

Mwanzo nilikasirika. Nikagonga ukuta, Omanga akadhani namsalimu, akanigongea pia. Halafu siku moja Yolanda alianza kusoma barua ya marehemu babake, nikaacha kugonga. Siku ya pili nikasogeza kitanda ukutani. Siendi kwake kutazama kwa sababu pale karakanani nimesema mbele ya watu kwamba mwanaume anayefuatilia michezo hiyo aanze kuvaa leso. Na Omanga mwenyewe hufunga kwa komeo mchezo ukianza, asubuhi husema alikuwa anasikiliza habari. Tunajuana na hatusemi. Huyo ninayemwita "mama" ni Yolanda. Huwa namshauri. Najua hanisikii.

Sasa sababu yenyewe, ambayo sitaisema tena. Wewe unanishuku, lakini mimi pia nakaa huku nikishuku. Mchana sijui uko wapi. Uko ufukweni, uko sokoni Mbita, unaongea na nani, Zadock anacheka nini. Mchezo ukianza tu, najua. Najua uko kwa mama, umekunja miguu, na neno linaloingia sikioni mwako linaingia na langu saa hiyo hiyo. Hiyo ndiyo saa pekee ya siku ambayo sina wasiwasi nawe.

Umeuliza Yolanda anafanana vipi. Sijui, sijawahi kumwona. Lakini huwezi kusikiliza sauti kila jioni bila kuipa mwili, na mimi nimeipa. Si mrefu. Nyuma ya shingo, kushoto, chini ya nywele, ana doa la rangi ya chai ya maziwa, ukubwa wa punje ya haragwe, na huonekana tu akiinama kuwasha jiko. Akipika huimba kwa pua wimbo mmoja, na kila mara huruka mstari wa pili. Akilala, mguu wa kushoto lazima utoke nje ya blanketi, hata kama kuna baridi. Akikasirika hapandishi sauti. Humwita mtu majina yake yote matatu, taratibu, kama karani wa korti.

Huyo ndiye Yolanda wangu. Nadhani utamjua.

Cephas


Kaswanga, Rusinga
18 Oktoba 2025

Cephas Odoyo Wasonga,

Nimesoma. Nimerudia. Sasa nitakuambia taratibu ili usikose hata neno.

Yolanda ni mrefu, mweupe, na nywele zake zinafika kiunoni. Shingo yake nimeiona ikiwa imejaa kioo chote siku Leandro alipomvisha mkufu. Haina doa. Hajawahi kuwasha jiko tangu mchezo uanze, ana wafanyakazi. Kulala amelala mara moja, hospitalini, na miguu yote miwili ilikuwa ndani ya shuka.

Habari za mzee Omanga ni tamu na karibu zinivute. Kidogo nilie. Lakini shingo haisikiki ukutani. Mguu wa mtu aliyelala haupiti juu ya mbao. Mtu anayejua upande ambao doa liko ameliona kwa macho, na anayejua ni mguu upi hutoka nje ya blanketi alikuwa ndani ya blanketi hiyo. Nilikuomba umweleze mwanamke wa kwenye TV, ukanieleza mwanamke. Ulijisahau. Mapenzi yana domo.

Unasema nitamjua. Nimewapitisha kichwani wanawake wote wa Migori ninaowafahamu, mmoja mmoja, nikiwainamisha shingo. Mpaka rafiki yangu wa miaka na miaka nimemtilia shaka, na Mungu anisamehe.

Nimemwambia mama yako. Alichochea tu jiko. Moto utabaki hapo hapo. Mtafute mwenye doa aje aubebe.

Mellen Gisiri


Migori
27 Oktoba 2025

Mama Byron,

Simu hupokei. Nilidhani nimekuandikia sifa, kumbe nimejiandikia mashtaka.

Nikikutajia jina lake sasa utasema nimelitunga baada ya kushikwa, kwa hivyo silitaji. Nilichoandika ni kweli chote, hata mguu.

Jogoo ameshafika kutoka Awendo. Nimemfunga hapa karakanani, anawika mchana na mafundi wananilaani. Desemba nitakuja naye. Nikikuta hujabeba moto nitamgeuza nirudi naye, na boma halitapigwa. Siwezi kuingia pale na moto wa mtu mwingine.

Cephas


Kaswanga, Rusinga
16 Novemba 2025

Baba Byron,

Kaa chini. Kama mafundi wako karibu, ingia chumbani.

Wiki iliyopita TV ya mama iliharibika nusu. Picha ilizima, sauti ikabaki. Zadock aliipiga kofi ubavuni, kwa kuwa ndiyo dawa pekee anayoijua, haikusaidia. Cate akasema tuizime. Mama akakataa, eti hata kanisani hatumwoni Mungu na tunakaa. Basi tukakaa tunatazama kioo cheusi. Yolanda alikuwa anaongea na mwanaume. Mama akaniuliza kwa Dholuo, ni nani huyo anayemsemesha? Nikafungua mdomo nimjibu ni Leandro, halafu mwanaume akasema "binti yangu," nikajua ni padri. Baadaye kidogo akaja Leandro bustanini, na ilikuwa sauti ile ile. Mtu mmoja ndiye amewasemea wote wawili, Cephas. Miezi yote hii nimekuwa nikimsikiliza mtu mmoja na macho yangu yananiambia ni wawili.

Asiyeona picha hana namna ya kuwatenganisha. Kwa hivyo ukuta ni kweli, na Omanga ni kweli. Lakini sikukuandikia siku hiyo, sitakuficha. Nilijiambia, ukuta nimeukubali, shingo bado.

Jana Cate alinisuka. Unajua mimi ni mtu wa kitambaa, nywele zangu husukwa Krismasi hadi Krismasi, ila mama alisema wageni wa boma wasinikute na kichwa cha kitambaa. Sijui ni boma gani alilokuwa anasema, maana mimi nilikuwa nimeshakataa. Nadhani alijifanya hakusikia. Basi Cate akaniinamisha, akafika kisogoni, akasema, "Wifi, hili doa lako la chai lilikuwa dogo hivi au limekua?"

Nikamuuliza doa gani. Akacheka, akadhani namtania. Hapa nyumbani kuna kioo kimoja, na kioo kimoja hakionyeshi kisogo. Akapiga picha kwa simu akanipa. Liko kushoto, chini ya nywele. Wanawake wote walionisuka tangu utoto waliliona, na kila mmoja alidhani nalijua. Mamangu mzazi hakuniambia. Nilikwenda jikoni na ile simu nikajifungia, nikaitazama picha hiyo mpaka kioo cha simu kikazimika, nikaiwasha tena.

Niliona aibu. Kisha nikakasirika kwamba umekuwa na kitu changu miaka hii yote na hukunionyesha. Kisha nikalia, na hayo mengine nitakuambia ukija. Nilikuwa namwonea wivu mwanamke nikimtafuta Migori nzima, na kila nilipogeuka alikuwa nyuma yangu.

Nilimuuliza mama kama mimi huimba nikipika. Akasema kila siku, na kwamba alishachoka kungoja huo mstari wa pili. Barua yangu ya mwisho sina, unayo wewe, lakini nakumbuka nilivyoianza. Majina matatu. Usimsomee mtu.

Bitutu nimemwomba msamaha kuhusu shingo yake. Hakuelewa, lakini amesamehe, na anadai kichana chake cha ndizi.

Moto nitaubeba mimi. Mama ameshanichagulia chungu cha kuutilia makaa, na Byron amelinoa shoka mpaka nimemnyang'anya. Mlete huyo jogoo kabla mafundi hawajamchinja. Ile TV ya mama tumeamua isitengenezwe kwanza. Tunaisikiliza tu, na mimi huwa nafumba macho.

Lakini nina swali moja dogo, na hili utalijibu kwa mdomo, ukiwa mbele yangu. Huyo mzee Omanga, ana binti?

Leo alfajiri niliamka kabla ya kila mtu. Kulikuwa na baridi ya ziwani. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa nje ya blanketi, nikauacha hapo hapo.

Mke wako,
Mellen